Muuguzi aliyepanda jukwaani akiwa na miaka 42

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nakaa Ujiji, nina miaka 54 na mwakani natarajia kustaafu kwa hiari. Binti yangu amenionyesha tamthilia moja ya Kimarekani, akanisontea yule bibi jirani mwenye mdomo mkali, akasema, "Mama, huyu naye alikuwa nesi, na ameanza kuigiza ukubwani." Tangu siku hiyo situlii. Kwenye shughuli za akina mama nikianza kuwaigiza watu, wenzangu hawana mbavu, ila jukwaani sijapanda hata siku moja. Nieleze maisha ya mama yule: alikuwa nesi kweli, na alifikaje pale? Na mimi wa Kigoma nianzie wapi? Mdogo wangu wa kiume ananishauri kiinua mgongo nikitumie kutengeneza filamu yangu mwenyewe, niwe steringi.

Jibu

Marahaba, dada yangu. Binti yako hakukudanganya. Yule mama anaitwa Kathryn Joosten. Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1939, na kabla uso wake haujajulikana alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili katika Hospitali ya Michael Reese, mjini Chicago. Aliolewa, akazaa watoto wawili wa kiume, na mwaka 1980 ndoa ikavunjika. Alikuwa amemwona mama yake akifa kwa saratani huku akijutia mambo aliyoyaweka kando kwa ajili ya baadaye, na jambo hilo alilieleza mwenyewe alipoulizwa kwa nini alithubutu. Akiwa na miaka 42 akajiunga na maigizo ya mtaani kwao.

Tusimame hapo kidogo, maana wengi wanaosimulia habari zake huruka kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye tuzo. Maigizo ya mtaani ni watu wenye kazi zao wanaokutana jioni, wanashika mistari, wanaonyesha mchezo mbele ya majirani, kisha kila mtu anarudi kwake. Hakuna malipo. Joosten hakutoka wodini akaingia kwenye kamera. Mwaka 1992 alikwenda Orlando, Florida, akaajiriwa kwenye bustani ya burudani ya Disney kama mwigizaji wa njiani, anayecheza katikati ya wageni wanaopita. Dada, kazi hiyo naiheshimu kuliko watu wanavyodhani. Hakuna pazia, hakuna viti, mtazamaji ana mtoto mkononi na haraka zake. Usipomshika kwa jambo la kweli ndani ya nusu dakika, amekwenda. Mwaka 1995 ndipo alipohamia Hollywood, akiwa na miaka 55, yaani mwaka mmoja tu mbele ya umri ulio nao wewe leo.

Piga hesabu mwenyewe. Tangu alipopanda jukwaa la mtaani mpaka kufika Hollywood ni kama miaka 13. Huko nako akaanza na nafasi za kupita katika tamthilia za vichekesho: anaingia, anasema mistari mitatu minne, anatoka. Mwaka 1999 akapata nafasi katika tamthilia ya The West Wing, kama Bi Landingham, katibu muhtasi wa Rais wa Marekani wa kubuni aliyeigizwa na Martin Sheen. Hiyo ndiyo nafasi iliyomtambulisha, naye alikuwa amekaribia miaka 60.

Ukiweza, mwombe binti yako akutafutie kipindi cha Krismasi cha mwaka ule wa kwanza wa tamthilia hiyo. Bi Landingham anamsimulia kijana mmoja wa pale ofisini habari za wanawe mapacha, waliokuwa wakisomea udaktari, wakaenda vitani Vietnam pamoja, wakauawa mkesha wa Krismasi mwaka 1970. Ni maelezo mafupi. Mwigizaji mchanga angepewa maneno yale angemwaga machozi mwanzo mpaka mwisho, na nimewaona wengi wakifanya hivyo hapa Tabora katika mazoezi. Wanaamini kilio ndicho kipimo cha kipaji. Joosten anaongea kwa sauti ile ile ya kazini. Anasimulia kama mama aliyekwisha kulia miaka mingi iliyopita na sasa ana simu za kupokea, na hapo ndipo anayemtazama anapovunjika moyo. Hakuna shule inayofundisha jambo hilo kwa haraka. Mtu aliyekaa na wagonjwa usiku kucha, akasikia ndugu wakieleza msiba wao kwa utulivu wa kutisha, anajua kwamba maumivu makubwa mara nyingi hayapigi kelele. Wewe unajua hilo.

Bi Landingham aliuawa katika ajali ya gari mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2001. Mwaka huo huo Joosten mwenyewe aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Alikuwa mvutaji wa sigara wa miaka mingi. Akatibiwa, akarudi kazini. Mwaka 2005 akaingia katika Desperate Housewives, hiyo uliyoonyeshwa, kama Karen McCluskey, yule jirani. Ilianza kama nafasi ndogo, lakini ikakua kwa sababu watazamaji walimtaka. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya Emmy, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa watu wa televisheni wa Marekani, akiwa na miaka 65. Mwaka 2008 akapewa tena. Saratani ikarudi mwaka 2009. Akatibiwa tena, akaendelea kuigiza, na akawa msemaji wa kuhamasisha watu kuhusu ugonjwa huo. Tamthilia ilipofungwa tarehe 13 Mei 2012, Bi McCluskey alikufa kwa saratani ndani ya hadithi. Joosten alifariki tarehe 2 Juni, siku 20 baadaye, akiwa na miaka 72. Kila nikifikiria kwamba alikubali kuigiza kifo kilichokuwa kikimkaribia yeye mwenyewe, namheshimu upya.

Wala si yeye peke yake. Uingereza walikuwa na Liz Smith, aliyezaliwa mwaka 1921, akaachwa na mume, akalea watoto wawili kwa kazi za kubangaiza huku akifanya mazoezi ya maigizo. Alikuwa akiuza midoli katika duka la Hamleys, London, mwongozaji Mike Leigh alipompigia simu. Filamu yake ya kwanza kubwa ikatoka mwaka 1971, naye yu karibu na miaka 50. Alifanya kazi miongo kadhaa baada ya hapo, akafariki mwaka 2016 akiwa na miaka 95. Na Mama G wa Nigeria, Patience Ozokwor, ambaye sisi tulimfahamu kwenye vibanda umiza kama mama mkwe asiye na huruma, alizaliwa mwaka 1958. Alipata umaarufu wa filamu akiwa na miaka ipatayo 40, ila kabla ya hapo alikuwa ameigiza kwenye redio. Angalia wote watatu: jukwaa la mtaani, mazoezi ya maigizo kando ya kibarua, redio. Ukubwani wao hawakuanzia juu.

Sasa nije kwako. Unasema kwenye shughuli ukiwaigiza watu, wenzako hawana mbavu. Ni dalili njema. Una jicho na una sikio. Lakini naomba unielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jibu langu lote. Unapomwigiza mtu shughulini, uko upande wa wanaocheka. Unachukua mwendo wake, unauongeza chumvi, na mwenyewe angekuwepo angeona aibu. Kwenye mchezo lazima uhamie upande wake. Yule mama mkwe anayemsema mkamwana, ndani ya kichwa chake ana haki kabisa; ana sababu, ana hofu, pengine mwanawe ndiye aliyekuwa akimletea unga na sasa haleti. Mwigizaji wa nafasi ndogo hana muda wa kueleza hayo yote. Steringi ana saa nzima ya kujieleza. Wewe una dakika mbili, na ndani ya dakika hizo mtazamaji ajue umetoka wapi, umelala saa ngapi na nani anakudai.

Jaribu hivi. Mchague yule unayemwigiza vizuri kuliko wote. Keti peke yako ndani, mwigize tena, ila safari hii mwache ajitetee. Aeleze kwa nini yuko vile, kwa dakika tano, bila mtu wa kucheka. Kama dakika ya pili umeishiwa maneno, basi ulikuwa unamjua mwendo tu. Rudi ukamtazame tena.

Kazi yako ya uuguzi imekupa hazina ambayo kijana wa miaka 20 hawezi kuinunua. Unajua mtu anayesubiri majibu ya kipimo anavyokaa kwenye benchi. Unajua baba anavyouliza bei ya dawa kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie. Unamjua bibi aliyemleta mkamwana kujifungua na anavyojibu maswali aliyoulizwa mwenzake. Hayo yote yatumie, lakini siri ya mgonjwa inabaki siri hata baada ya kustaafu, na Ujiji watu wanajuana. Chukua mwendo kwa mmoja, sauti kwa mwingine, ugonjwa kwa wa tatu, viambatanishe mpaka hakuna jirani atakayesema, "Huyu ni fulani." Ukishindwa kuvichanganya, liache jambo hilo.

Na lafudhi yako usiifute. Najua wapo wanaojibana kooni ili wasikike kama wamezaliwa Kariakoo. Filamu zetu zimejaa sauti za aina moja. Mama wa Kigoma anayesalimia kwa salamu ndefu za Kiha, anayeongea Kiswahili chenye mdundo wa ziwani, ni mtu ambaye kamera haijamzoea.

Kuna jambo moja linanikaa rohoni, na sitaki uje ulikute bila kuonywa. Ukiwa mwanamke wa miaka 50 na kitu katika maigizo yetu, nafasi utakayoletewa mara nyingi ni ya mchawi. Kaniki, macho mekundu, ungo, kicheko cha usiku. Watakwambia inauza. Sisi wa kanda hii tunajua gharama yake. Huku Tabora, na kwa majirani zetu wa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kisingizio cha macho mekundu, macho ambayo wewe muuguzi unajua yametokana na moshi wa kuni na samadi jikoni miaka yote. Sikukatazi nafasi hiyo moja kwa moja. Nakuomba usome skripti yote kabla ya kukubali, umuulize mwongozaji: bibi huyu anasingiziwa, au hadithi inathibitisha kwamba kweli analoga? Kama anasingiziwa, ichukue, uicheze kwa nguvu zako zote, maana hakuna mwenye haki kuliko wewe ya kumwonyesha kijana wa kijijini kwamba yale macho ni ya mpishi. Kama ni ile ya kuthibitisha tu, mimi ningekataa hata kama ndiyo nafasi ya kwanza.

Umeuliza pa kuanzia. Kabla ya filamu, nakuelekeza kwenye redio na kwenye maonyesho ya elimu ya afya. Redio haikuulizi umri wala umbo. Inataka sauti inayoaminika, na sauti ya nesi inaaminika. Wakubwa wenzangu wanakumbuka jinsi mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 Redio Tanzania, ulivyowafanya watu wazungumze nyumbani kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kigoma mnazo redio za mkoani. Nenda na mchezo mfupi wa dakika tano, wahusika watatu wasizidi, kuhusu jambo unalolifahamu: mjamzito anayecheleweshwa nyumbani, au homa ya mtoto inayotibiwa kwa kubahatisha. Usiombe ajira. Omba wausikilize.

Upande wa jukwaa, vikundi vya sanaa za maonyesho vinavyotembea na kampeni za afya vinahitaji watu wazima kila wakati, kwa sababu vimejaa vijana, na kijana aliyepaka unga kichwani ili awe babu hamdanganyi mtu yeyote sokoni Mwanga au kwa wavuvi wa Kibirizi. Muulize Afisa Utamaduni wa halmashauri akwambie vikundi gani viko hai. Yeye pia ndiye atakayekueleza taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kwa wasanii, na za Bodi ya Filamu siku mtakapotaka kurekodi. Usiione kazi hii kuwa ya chini. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Penina Muhando na Amandina Lihamba walitumia miaka mingi kupeleka maigizo vijijini, wananchi wakaigiza shida zao wenyewe na kuzijadili hapo hapo. Jukwaa la namna hiyo, ambapo mtu wa nyuma anakujibu kwa sauti katikati ya mchezo, litakufanyia yale ambayo njia za Orlando zilimfanyia Joosten.

Ukishafanya hayo kwa muda na bado moyo unadai, ndipo ufikirie Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa huko mwaka 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, kina mafunzo marefu na kozi fupi pia. Kwa mtu wa umri wako kozi fupi inatosha, hasa ya sauti na ya mwili. Miaka ya kuinama vitandani imekuachia mgongo, na jukwaa linataka mgongo.

Kuhusu ushauri wa mdogo wako, hapana. Nasema hivyo kwa mapenzi, na najua anakutakia mema. Kiinua mgongo ni fedha ya mara moja. Filamu inataka kamera, taa, chakula na usafiri wa watu wote walioko lokesheni, kuhariri, na baada ya hapo mtu wa kuisambaza, ambaye ndiye mgumu kumpata kuliko wote. Aliyeingia bila uzoefu huishia na kazi iliyojaa kwenye diski na madeni mlangoni. Isitoshe, ukijiweka steringi kwenye filamu yako ya kwanza unajinyima shule ya nafasi ndogo, ile iliyomtengeneza kila mmoja niliyekutajia. Zipo tofauti nyingine pia usizisahau: mwigizaji wa Hollywood akifikisha kiwango fulani cha kipato, chama chao humpa bima ya matibabu. Kwetu mwigizaji akiugua mara nyingi hujitegemea au huchangiwa. Pensheni yako ndiyo chama chako. Ilinde.

Fedha ya kutumia iwe kidogo na iwe kwa vitu vinavyoonekana: nauli ya kwenda mazoezini, daftari, pengine simu yenye kamera nzuri ili ujirekodi na kujitazama bila kujihurumia. Mtu yeyote anayekuomba fedha ili akupe nafasi, mwache, hata akikutajia majina makubwa. Na siku utakapoitwa lokesheni, hasa mbali na nyumbani, uliza kabla ya kupanda gari: nauli nani analipa, nitalala wapi, nitalipwa kiasi gani na lini, na nikimaliza sehemu yangu narudi siku gani. Wakujibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200. Usisafiri umbali huo kwa ahadi ya mdomo.

Hujauliza watu watasemaje, lakini nimelisikia swali hilo kati ya mistari yako. Watasema. Mama mtu mzima, nesi, leo yuko sokoni anajifanya mlevi. Waambie wanao na mumeo mapema, kabla hawajasikia kwa majirani, na onyesho la kwanza waalike. Mwombe mwanakikundi mwenye busara aketi nao, awaeleze mchezo unahusu nini. Watu wazima wa familia mara nyingi hukasirishwa na kushtukizwa kuliko na jambo lenyewe.

Hautahitaji kusubiri barua ya kustaafu. Mazoezi ya vikundi vingi ni jioni na mwisho wa wiki, kwa hiyo panga zamu zako na msimamizi wako, uanze na kikundi kimoja, nafasi moja, yenye mistari usiyoshindwa kuishika. Ukishacheza mara ya kwanza, niandikie tena. Nieleze ni nani uliyemwigiza, alikuwa anataka nini katika mchezo ule, na watu wa nyuma walisikia au hawakusikia.